Uliza kabla hujachoma: hotuba kwa wanafunzi wa uuguzi wanaoingia kazini

Hii ni hotuba niliyoitoa kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa stashahada ya uuguzi na ukunga. Naiweka yote hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku ile, na kwa wauguzi wenzangu walioiomba.

Mkuu wa Chuo, walimu, wauguzi viongozi mliotoka wodini kuja kukaa na vijana hawa, wazazi, wanafunzi: itifaki imezingatiwa. Wakubwa zangu, shikamooni. Wanangu, hamjambo?

Nilipoalikwa niliomba jambo moja. Niliomba kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu achukue kipande cha karatasi, asiandike jina, aandike kinachomnyima usingizi kuhusu kazi anayokwenda kuianza. Karatasi hizo ninazo hapa. Nimezisoma zote, nyingine nimezirudia. Naomba niwasomee chache, kwa maneno yenu wenyewe.

"Naogopa kuua mtu."

"Naogopa kuchomwa na sindano iliyotoka kwa mgonjwa."

"Namwogopa sista wa wodi kuliko ninavyouogopa mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga."

"Mimi ni mvulana. Mama akinikataa leba nifanye nini?"

"Baba ameuza shamba kunisomesha. Nisipopata ajira nitamwambia nini?"

Na hii: "Naogopa baada ya miaka michache na mimi nitakuwa nafokea wagonjwa."

Nani ameandika hii ya mwisho sijui, wala sitaki kujua. Lakini nakushukuru, popote ulipokaa. Imenikaa moyoni tangu nilipoisoma.

Wanangu, sikuja hapa kuwaambia msiogope. Mtu anayekwenda kushika uhai wa mwenzake bila hofu hata kidogo, mimi nisingependa anihudumie, wala amhudumie mama yangu. Hofu zenu ni halali. Nilichokuja kusema ni kwamba hofu isiyosemwa ndiyo inayoleta madhara wodini. Muuguzi mpya asiyejua, akauliza, mgonjwa wake yuko salama. Muuguzi mpya asiyejua, akanyamaza kwa kuona haya, huyo amemweka mgonjwa hatarini na yeye mwenyewe amejiweka hatarini. Basi kila nitakalolisema leo litarudi hapohapo: sema, uliza, toa taarifa. Mnisamehe nikijirudia. Najirudia makusudi.

Tuanze na ule umbali kati ya darasa na wodi.

Hapa chuoni, kwenye chumba cha mazoezi, mwanasesere amelala kimya kitandani. Hapigi kelele, hana ndugu, mshipa wake uko palepale ulipokuwa jana. Una glovu za saizi yako, una trei imepangwa, una mwalimu na karatasi yake ya kuhakiki hatua. Nenda sasa wodini. Vitanda vimejaa, wagonjwa wengine wako chini kwenye magodoro, dripu imening'inizwa kwenye nondo ya dirisha. Glovu zilizobaki ni kubwa kwako. Faili unalolitafuta limekwenda na mgonjwa chumba cha eksirei. Ndugu mmoja anakuvuta mkono, mgonjwa wa kitanda cha tisa anatapika, na daktari anauliza kwa nini vipimo vya asubuhi havijaandikwa. Mlifundishwa hatua nyingi za kufunga kidonda, na ghafla unaona nafasi ya kufanya chache tu. Je, chuo kiliwadanganya?

Hapana. Na wala ninyi si kizazi dhaifu, kama mtakavyoambiwa na baadhi yetu. Mwaka 1974, huko Marekani, muuguzi na mtafiti aitwaye Marlene Kramer alieleza kwa kina mshtuko unaompata muuguzi mpya anapokuta kazi haifanani na alichofundishwa: mwanzoni furaha, halafu hasira na kukata tamaa, na baadaye, akipata msaada, anasimama. Mwaka 1974! Nchi tajiri, hospitali zenye vifaa. Kwa hiyo mkijikuta mnalia chooni mwezi wa pili wa kazi, msidhani mmekosea njia. Mnapita palepale walipopita wengi waliowatangulia.

Lakini ziko hatua ambazo hata wodi ikijaa hadi korido haziachwi. Kunawa mikono. Kuhakikisha mgonjwa uliye mbele yako ndiye aliyeandikwa kwenye faili, kwa kumwuliza aseme jina lake mwenyewe, si kwa kumwuliza "wewe ndiye Asha?" maana mgonjwa mwenye homa ataitikia jina lolote. Na kuhakiki dawa. Hizo shikeni kwa meno.

Sasa niijibu ile karatasi ya kwanza: "Naogopa kuua mtu."

Mwenye karatasi hii anafikiri makosa ya dawa yanafanywa na watu wajinga. Siyo. Yanafanywa na watu waliochoka, wenye haraka, walioona haya kuuliza. Chukueni hesabu ya dripu. Daktari ameandika mililita 1000 kwa saa 8. Mrija wako unatoa matone 20 kwa mililita. Elfu moja mara 20 ni 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Gawanya, unapata kama matone 42 kwa dakika. Hapa mmekaa mmetulia, mnatikisa vichwa, hesabu ni rahisi. Saa tisa usiku, umesimama tangu jioni, mrija uliopewa ni wa watoto unaotoa matone 60 kwa mililita, na hujasoma maandishi ya kwenye pakiti yake. Hesabu yako nzuri ya 20 haina maana tena. Soma pakiti. Andika hesabu kwenye karatasi, usiifanye kichwani. Halafu mwite mwenzako aifanye upya bila kuona jibu lako. Kuna aibu gani hapo? Rubani ana msaidizi wake. Mhasibu ana mkaguzi. Wewe nani amekuambia ufanye peke yako?

Naomba niwape habari ya binti mmoja. Alikuwa hajamaliza hata miezi mitatu kazini, hospitali ya wilaya, zamu ya usiku leba. Kulikuwa na mama mwenye kifafa cha mimba, amepigwa jioni dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, na kwenye faili imeandikwa gramu 5 za msulini kila baada ya saa 4. Saa ya dozi ikafika. Sista mkubwa wa zamu yuko kitanda cha pili, kichwa cha mtoto kinatoka. Dawa imeshavutwa, iko kwenye trei.

Binti akafanya alichofundishwa. Akaweka simu yake kwenye ukingo wa kitanda, akafungua saa ya kuhesabia, akamwangalia yule mama kifua kwa dakika nzima. Siyo sekunde 15 mara nne. Dakika nzima. Pumzi 12. Ninyi mnajua, lazima ziwe 16 au zaidi, maana dawa hii ikizidi mwilini inazima pumzi. Akagonga goti, mguu haukuruka. Akainama kuangalia mfuko wa mkojo chini ya kitanda: mkojo kidogo mno, wakati tunataka angalau mililita 30 kwa saa. Akaenda kwa sista, akasema, "Sista, dozi sichomi. Pumzi ni 12." Sista, mikono imejaa damu, akamjibu kwa ukali kwamba maandishi ya daktari yako wazi. Binti hakubishana. Hakuondoka pia. Akarudia maneno yaleyale: "Pumzi ni 12, goti haliruki, mkojo hakuna. Sichomi mpaka uje uone."

Sista alipomkabidhi yule mtoto kwa mama yake alikuja, akaona. Daktari wa zamu akaitwa, mama akapewa kalsiamu glukonati, inayoizima magnesiamu, polepole kwenye mshipa, akawekwa oksijeni. Asubuhi mimi nilipopokea zamu niliyakuta yote yameandikwa kwenye faili, saa na dakika, kwa mwandiko wa mtu ambaye mkono unatetemeka. Yule mama alitoka na mtoto wake mgongoni.

Sasa niulize. Binti yule alikuwa anajua zaidi kuliko daktari? Hapana. Alikuwa na uzoefu kuliko sista? Hata kidogo. Alikuwa na hofu? Sana. Lakini hofu yake ilimfanya ahesabu, na alipomaliza kuhesabu akasema. Basi.

Na hapa nageuka kwa wauguzi viongozi waliokaa safu ya mbele. Wenzangu, tusikilizane. Mimi nawapenda na kazi yenu naijua. Lakini karatasi iliyosema "namwogopa sista wa wodi kuliko mtihani wa Baraza" haikuja moja. Zimekuja nyingi. Mwanafunzi anauliza swali, anajibiwa "hukufundishwa chuoni?" mbele ya wagonjwa. Siku ya pili hatauliza tena, na siku ya tatu atafanya asichokijua. Kila tunapomwaibisha anayeuliza, tunamfundisha kukisia. Naomba kila wodi inayopokea hawa vijana impe kila mmoja mtu wake wa kumwuliza, kwa jina, na siku ya kwanza aambiwe: kwa huyu hakuna swali la kijinga. Hilo halihitaji bajeti. Halihitaji semina. Linahitaji sisi tuamue.

Tena tusidhani uzoefu wetu unatosha kila mahali. Tumezoea kukadiria damu kwa macho mama anapojifungua. Tunaangalia shuka, tunasema "ya kawaida hii." Utafiti uitwao E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, matokeo yake yakatolewa mwaka 2023, ulitumia mfuko wa plastiki wenye alama unaowekwa chini ya mama ili damu ipimwe, na matibabu yote yaanze kwa pamoja mara inapozidi kiwango. Kwa macho, tulikuwa tunawagundua kama nusu tu ya wanawake waliokuwa wanavuja damu nyingi. Kwa kupima, wakagunduliwa zaidi ya tisa kati ya kumi, na madhara makubwa yakapungua kwa asilimia 60. Mnaona? Msichana wa mwaka wa kwanza kazini anayepima anamshinda mkunga wa miaka mingi anayekadiria. Vijana, hilo liwape moyo. Wakubwa, hilo litufanye tusikilize mtoto anaposema "hii damu ni nyingi."

Nakuja kwenye sindano. Hapa nitakaa kidogo, maana walioandika juu ya sindano ni wengi kuliko wote.

Kijana mmoja alikuwa mafunzo kwa vitendo. Ametoa damu, anarudisha kifuniko kwenye sindano kwa mikono miwili, sindano ikatoboa kifuniko na kidole gumba. Tone dogo la damu ndani ya glovu. Wiki iliyotangulia alikuwa amemwona mwenzake akikaripiwa kwa jambo kama hilo, kwa maneno ya kumdhalilisha. Kwa hiyo akavua glovu, akanawa, akaendelea na kazi. Hakumwambia mtu. Hakulala usiku ule, wala wa pili, wala wa tatu. Siku ya nne akamwambia mwalimu wake huku analia. Saa 72 zilikuwa zimepita. Dawa za PEP, zile za kuzuia VVU baada ya kuchomwa, zingeweza kuanza siku ileile, saa ileile, na sasa muda wake ulikuwa umekwisha. Akabaki na kitu kimoja tu, kusubiri vipimo, miezi na miezi. Vipimo vilikuja salama, namshukuru Mungu. Lakini ile miezi nani atamrudishia?

Sikilizeni vizuri. Ukichomwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue kidole, usimimine dawa kali ya kuua vijidudu. Toa taarifa dakika ileile, hata kama mgonjwa ulimwacha nusu, mwite mwenzako amalizie. PEP huanza mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa mbili, isipite saa 72, na humezwa siku 28. Hatari ya kuambukizwa VVU kwa sindano kama ile ni takriban watu 3 kati ya 1000. Ni ndogo, siyo sifuri. Lakini homa ya ini B, kwa mtu ambaye hajachanjwa, inaweza kufika hata watu 30 kati ya 100! Na homa ya ini B ina chanjo. Dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Wangapi humu mmemaliza zote tatu? Nyoosheni mikono.

Mmeona wenyewe. Mikono hii haitoshi.

Kifuniko cha sindano hakirudishwi. Sindano inatoka kwa mgonjwa inaingia kwenye kisanduku cha usalama, na kisanduku kikifika robo tatu kinafungwa, hakisukumwi kwa kidole. Na ukiambiwa leo glovu hakuna, sema kwamba hakuna, andika kwamba hakuna. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulipotokea Kagera, watu 9 waliugua na 6 wakafariki, na wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa. Ugonjwa ule haukuingia na kibao kinachosema "mimi ni Marburg." Uliingia kama homa. Ujasiri wa kumgusa mgonjwa bila kinga si ujasiri, na atakayekusifu kwa huo hatakuwepo siku ya maziko.

Sasa lugha. Wananchi wanatulalamikia, tunajua. "Manesi wana lugha chafu." Wengi wetu tunaudhika tukisikia, kwa sababu tunajua tulivyoshinda na njaa zamu nzima. Lakini tuseme kweli. Wapo wanawake waliofokewa leba wakiwa katika uchungu, wakaambiwa maneno ambayo hakuna aliyeko humu angependa dada yake aambiwe. Na mwanamke aliyefokewa safari hii, safari ijayo anajifungulia nyumbani. Likitokea la kutokea huko nyumbani, sisi tutasema "alichelewa kuja." Alichelewa, au tulimfukuza?

Wewe uliyeandika unaogopa kuwa mfokaji, nakujibu hivi. Hakuna aliyeanza kazi akiwa mfokaji. Unaanza kwa kunyamaza mwenzako anapofoka. Halafu unacheka kidogo. Halafu unatumia neno lake moja. Lugha ya wodi inaambukiza, na inaambukiza haraka zaidi kwa mgeni anayetaka kukubalika. Kinga yake ni ndogo lakini inafanya kazi: jitambulishe. "Shikamoo mama, naitwa fulani, usiku huu mimi ndiye niko na wewe." Mtu uliyemwamkia shikamoo ni vigumu sana kumtukana saa mbili baadaye. Na ukichoka hadi unaona ulimi unakuponyoka, mwambie mwenzako, "nishikie dakika tano," toka nje ukanywe maji.

Kijana uliyeuliza kuhusu leba: omba ruhusa kabla hujamgusa mama, kila mara, mwombe muuguzi wa kike asimame karibu pale inapowezekana, na akikukataa mpishe mwenzako bila kununa. Wengi watakukubali wakiona una heshima. Nimefanya kazi na wakunga wa kiume ambao akina mama walikuwa wakiwauliza kwa jina.

Kuna hofu moja hamkuiandika, na mimi nitaitaja: kifo cha kwanza. Utamhudumia mtu siku kadhaa, utajua jina la mjukuu wake, halafu alfajiri moja utakuta mkono umepoa. Utafumba macho, utafunga taya kwa bendeji, utanyoosha miguu, utaandika lebo. Kabla ya hayo waulize ndugu, kama wapo, dini yao inataka mwili ushikweje na nani aguse. Halafu, na hili ndilo ninalotaka mlisikie, usihamie kitanda kinachofuata kana kwamba umebadilisha shuka tu. Sema kwa mtu. "Mzee wa kitanda cha nne amefariki na nimeumia." Ukilisema unaweza kuendelea na zamu. Usipolisema linakusanyika, na mwisho wake mnaujua: ama mtu anaacha kazi, ama anabaki kazini akiwa hajali tena.

Nimebakiza ajira, na naona wazazi wameinua vichwa.

Sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ilihesabu wauguzi karibu milioni 28 duniani, na pengo la milioni 5.9, sehemu kubwa mno ya pengo hilo ikiwa nchi kama zetu. Sasa mzazi anauliza, na ana haki ya kuuliza: kama wauguzi wanapungua, kwa nini mwanangu amekaa nyumbani na cheti? Ni kwa sababu upungufu unahesabiwa kwa idadi ya wagonjwa, ajira inahesabiwa kwa fedha zilizotengwa. Mgonjwa anayesubiri wodini hatoi kibali cha ajira. Hili ni jambo la kuambiwa wenye mamlaka ya bajeti, na chama chetu cha wauguzi kinapaswa kulisema bila kuchoka. Lakini wewe hapa utafanya nini wakati unasubiri?

Kwanza leseni. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya Tanzania ya mwaka 2010 haimruhusu mtu kuhudumu bila kusajiliwa na kupewa leseni na Baraza. Faulu ule mtihani, weka nyaraka zako sawa, majina kwenye vyeti na kitambulisho cha taifa yafanane herufi kwa herufi, maana wapo walioachwa kwa sababu ya herufi moja. Usisubiri nafasi za serikali peke yake; hospitali za mashirika ya dini na za binafsi nazo zinaajiri, na nyingi ziko mbali na miji mikubwa. Ukienda kujitolea, jitolee kwa maandishi: kazi gani, muda gani, chini ya nani, posho ipo au haipo. Kujitolea si kuachiwa wodi nzima usiku peke yako kwa sababu wewe ni wa bure. Ukiachiwa hivyo, sema. Tena sema kwa barua.

Wanaotaka kwenda ng'ambo sitawasuta. Uingereza na nchi za Ghuba zinachukua wauguzi, na kila nchi ina mitihani yake na chombo chake cha usajili. Nendeni kwenye chombo hicho wenyewe, msome masharti wenyewe. Wakala anayetaka hela ya mama yako kwanza, na hataki usome mkataba, mkimbie.

Na wapo kati yenu watakaopangwa zahanati. Hao nawafikiria kuliko wengine, maana kule hakuna sista mkubwa wa kumwita kutoka kitanda cha pili. Kijana mmoja niliyemfundisha alipangwa zahanati ya mbali, barabara ya masika huijui. Jambo la kwanza alilofanya, kabla hajafungua begi, ni kwenda kituo cha afya kilicho karibu na hospitali ya wilaya, akajitambulisha kwa mganga mfawidhi, kwa mkunga wa leba, kwa dereva wa gari la wagonjwa. Akaandika namba zao kwenye karatasi, akaibandika ukutani juu ya kitanda cha kujifungulia. Usiku wa kwanza wa shida, mtoto alizaliwa hakulia. Akamkausha, akamsugua mgongo, akaanza kumpa hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ile ya kwanza, na simu imewekwa sauti ya juu kitandani, mkunga wa kituo cha afya anamwambia, "kifua kinapanda? Rekebisha kichwa. Sasa kinapanda? Endelea." Kijana yule hakuwa peke yake ndani ya chumba kile, ingawa hakukuwa na muuguzi mwingine kwa maili nyingi.

Walimu, hili ndilo ombi langu kwenu. Kabla hawa hawajarudisha funguo za bweni, kila mmoja awe na namba za watu wawili atakaowapigia saa tisa usiku bila kuomba radhi. Namba yangu tayari mmepewa. Na wale ambao hawajamaliza dozi za homa ya ini, orodha iandikwe leo, kabla ya chakula cha mchana.

Mkuu wa Chuo, naomba nusu saa iliyobaki iwe ya maswali. Tuanze na yule binti wa safu ya nyuma, amenyoosha mkono tangu nilipotaja sindano. Simama mwanangu, ongea kwa sauti, hawa wakubwa wa mbele nao wanataka kukusikia.